Orthocentrus na ndugu zake: maswali yanayoulizwa sana kuhusu nyigu wadogo wanaomaliza vijinzi wa kuvu

Kila nikiongelea hawa nyigu narudishiwa maswali yale yale, na mengi yanaanza hivi: "nimeona kadudu keusi kanakimbia juu ya udongo wa maua, nikaue?" Jibu fupi, usikaue. Jibu refu ndo hili hapa chini, nimeliandika kwa mpangilio wa jinsi watu wanavyouliza, sio wa kitabu.

Orthocentrus ndo nani hasa?

Ni jenasi ya nyigu wadogo wa ile familia kubwa sana inayoitwa Ichneumonidae, na ndani ya familia wapo kwenye kundi la Orthocentrinae. Ukisikia nyigu usimfikirie yule wa kujenga kiota darini halafu anakukimbiza uwanja mzima. Hawa wengi wana urefu wa milimita 2 mpaka 5 hivi, na kila jike anaishi kivyake, hana kiota, hana malkia, hana jeshi la kulinda chochote. Kazi yake kubwa ni kutafuta mabuu wa vijinzi wa kuvu na kuwatagia yai ndani ya mwili, yai likianguliwa mtoto wa nyigu anamla buu kwa ndani mpaka linabaki ganda.

Watu wanamwita kimelea, sawa, ila sio kimelea kama chawa. Chawa hataki ufe, ukifa na yeye kalala njaa. Huyu nyigu lazima mwenyeji wake afe ndo mtoto atoke, ndo maana wataalamu wana neno lao la pembeni, parasitoidi. Ule msemo wa kikulacho ki nguoni mwako hapa umevuka nguo, kiko tumboni kabisa.

Na vijinzi wa kuvu ni wepi tena? Ni wale wale wanaozunguka kwenye maua ya ndani?

Ndo hao hao. Weusi, wembamba, miguu mirefu kama mbu mdogo, wanaruka kivivu vivu wanakuja mpaka usoni na kwenye kikombe chako. Hawaumi. Wale wa kwenye vyungu na vitalu vya miche wengi ni wa familia ya Sciaridae, hasa jenasi Bradysia. Wa msituni, wanaoishi kwenye uyoga na magogo yaliyooza, wengi ni wa familia ya Mycetophilidae. Orthocentrus anahusika na pande zote mbili.

Tatizo sio anayeruka, tatizo ni buu. Buu ni kamnyoo keupe kanakoonyesha mpaka matumbo, kichwa cheusi kinang'aa kama kichwa cha pini, na hicho kichwa ndo utambulisho wake. Kwenye joto la nyuzi 24 hivi yai linaanguliwa ndani ya siku 3 mpaka 6, buu anakula kama wiki mbili, anakuwa bundo (ile hatua ya kutulia kabla hajawa mdudu mzima) siku 4 mpaka 6, halafu anatoka kuruka. Jike mmoja anaweza kuacha mayai mpaka 200. Piga hesabu mwenyewe.

Nitajuaje hiki ni nyigu na sio kijinzi chenyewe?

Hili swali ndo muhimu kuliko yote, maana wengi wanaua nyigu wakidhani wanaua kijinzi. Hesabu mabawa ukiweza, kijinzi ana mawili, nyigu ana manne, ila kusema kweli kwa mdudu wa milimita 3 anayekimbia hiyo hesabu ni ngumu. Mimi naangalia mwendo kwanza. Kijinzi akitua anakaa kaa, anatembea kidogo, anaruka tena. Nyigu anatembea kama mtu aliyepoteza funguo, huku antena zake mbele zinagonga gonga udongo bila kupumzika, anaingia kwenye ufa, anatoka, anarudi pale pale, anazunguka bonge la udongo mara tatu. Ukiona kadudu kanakagua udongo namna hiyo mwachie, yuko kazini.

Alama nyingine ni kiuno. Nyigu amebanwa katikati, kijinzi hajabanwa hivyo. Kwenye bawa la kijinzi wa familia ya Sciaridae kuna mshipa unaogawanyika kama herufi Y na unaonekana vizuri kwa lensi. Kwenye bawa la mbele la Orthocentrus kuna kidoa kwenye ukingo, na mishipa imepangika kama vyumba.

Anauma? Nina watoto nyumbani.

Hapana. Ana mrija wa kutagia mayai, mfupi, umetengenezwa kwa ajili ya ngozi laini ya buu. Ngozi yako ni ukuta kwake. Ndani ya familia kubwa ya Ichneumonidae wapo wenzake wakubwa, wale wa rangi ya kahawia wanaokuja kwenye taa usiku, ukiwabana mkononi wanaweza kukudunga. Wa kwenye chungu sio hao.

Sasa anamuuaje? Nieleze hatua kwa hatua.

Jike anaanza na harufu. Mabuu wa vijinzi wanaishi palipo na unyevu, kuvu na vitu vinavyooza, na sehemu kama hiyo ina harufu yake. Akifika karibu antena zinamalizia kazi, zinanusa na kugusa kwa pamoja. Mabuu nao hawakai mbali, wengi wako kwenye sentimita chache za juu za udongo, maana huko ndo kuna hewa, unyevu na chakula, kwa hiyo nyigu hahitaji kuchimba shimo la kuzikana. Anapita kwenye nyufa na chini ya majani yaliyooza, akimpata buu anamchoma na kumwachia yai ndani. Halafu anaondoka zake.

Hapa ndo watu wanashangaa: buu hafi. Anaendelea kula, anaendelea kunenepa, ukimtazama huoni tofauti yoyote. Ndani yake kuna mtoto wa nyigu ambaye mwanzoni anakula taratibu bila kugusa viungo vya uhai, kwa sababu akimuua mwenyeji mapema nyama inaoza na yeye anaoza nayo. Anasubiri buu akue. Mwenyeji akishafikia ukubwa wa kutosha, mara nyingi karibu na ule wakati wa kujigeuza bundo, mtoto wa nyigu anabadilisha tabia ghafla na kumaliza kila kitu kilichobaki. Mahali ambapo kijinzi kilitakiwa kutoka, anatoka nyigu.

Kwa nini asimuue pale pale kama nyigu wengine?

Wapo kweli wanaomchoma mwenyeji na kumpoozesha hapo hapo, hao wanafaa kwa mwenyeji mkubwa aliyejificha ndani ya mti, anakuwa kama ghala la nyama lisilotembea. Buu wa kijinzi akiwa mdogo hana nyama ya kumtosha mtu. Ukimpoozesha leo mtoto wako atakufa njaa kesho, kwa hiyo ni bora umwache aendelee kujilisha, anakufugia chakula mwenyewe bila kujua. Pia buu mzima anatembea na anakwepa sehemu kavu, aliyepooza kwenye udongo wa maji maji angefunikwa na kuvu fasta sana.

Ushawahi kumwona kwa macho au unasimulia tu?

Nimeona, na kwa bahati mbaya au nzuri sikuona nilichokuwa nategemea. Nilikuwa na trei ya miche iliyojaa vijinzi, nikachota udongo wa juu wenye mabuu, nikaweka kwenye chupa ya kioo, nikafunga mdomo kwa kitambaa chepesi na mpira, nikawa nanyunyiza matone ya maji kila baada ya siku mbili. Wiki ya kwanza na ya pili wakatoka vijinzi, vijinzi, vijinzi. Nikakata tamaa nikaisahau chupa dirishani. Siku kadhaa baadaye naichukua nikaioshe naona vidudu vitatu vyeusi vinang'aa kama vimepakwa mafuta, vinakimbia kwenye kioo antena zikigonga gonga.

Nikajua ndo Orthocentrus hao, nikatamba kwa kila mtu. Kuja kumweka mmoja chini ya lensi nikaona antena zimeota kwenye kirafu kidogo kilichochomoza mbele ya kichwa, na bawani hakuna vile vyumba vya mishipa, pamepwaya kabisa. Hiyo ni familia nyingine, Diapriidae. Yaani kazi ile ile, chakula kile kile, ukoo tofauti kabisa. Nilijifunza kutotamba kabla ya lensi.

Na hilo la vijinzi kutoka kwanza halafu nyigu baadaye sio ajabu, ukifuga mabuu kwenye chupa usiimwage mapema, iache wiki mbili zaidi baada ya kijinzi cha mwisho.

Kumbe hayuko peke yake? Wengine ni nani?

Wengi tu. Kwenye kundi lake mwenyewe la Orthocentrinae kuna jenasi Megastylus, Stenomacrus, Plectiscus, Aperileptus na nyingine, zile ambazo maisha yao yanajulikana zimekutwa kwa vijinzi wa kuvu na jamaa zao. Upande wa Diapriidae kuna tawi la Belytinae ambalo nalo limejikita hapo hapo, na humo ndo yupo Synacra. Huyu Synacra ndo wa nyumba za vioo, kule Sweden alichunguzwa kwenye nyumba za kuoteshea mimea miaka ya 1990 akiwa anashambulia Bradysia, na spishi yake ikaja kupewa jina Synacra paupera mwaka 1995. Kwa hiyo ukiona nyigu kwenye chungu cha ndani, kabla hujasema Orthocentrus mfikirie Synacra.

Ila ninayempenda mimi ni Betyla fulva wa New Zealand. Kule kuna kijinzi anayeitwa Arachnocampa luminosa, mabuu wake wanakaa kwenye dari za mapango na kwenye kingo za vijito msituni, wanawaka mwanga wa bluu na kijani na kuning'iniza nyuzi zinazonata za kunasia wadudu. Watalii wanalipa kwenda kuwaangalia wakidhani ni nyota. Na yeye ana nyigu wake, ndo huyo Betyla. Hebu fikiria maisha ya kutafuta chakula kinachowaka taa halafu kimezungukwa na gundi.

Jina Orthocentrus limetoka wapi?

Alilitoa Mjerumani Johann Ludwig Christian Gravenhorst mwaka 1829, kwenye kazi yake kubwa ya nyigu wa Ulaya. Alikuwa profesa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław huko Poland. Limekaa hivyo hivyo mpaka leo, karibu miaka 200, ila majirani zake ndo wamehamishwa hamishwa. Mmarekani Henry Townes alipopanga upya jenasi za Ichneumonidae kuanzia 1969 aliwaweka hawa wenye uso wa mviringo peke yao, baadaye wenzao wengine wakaunganishwa nao, ndo maana vitabu vya zamani na vya sasa havilingani. Ukikuta jina Helictinae mahali, wengi wa humo sasa hivi ni Orthocentrinae.

Uso wa mviringo? Fafanua.

Ukimtazama Orthocentrus kwa pembeni uso umevimba kama amejaza maji mdomoni, hakuna ule mstari wa wazi unaotenganisha uso na sehemu ya juu ya mdomo kama ilivyo kwa nyigu wengine wengi. Kile kipande cha kwanza cha antena ni kirefu, kama kibomba. Taya ni ndogo. Miguu ya nyuma ina mapaja manene kidogo kwa mwili wake. Rangi ni nyeusi au kahawia, wengine wana manjano usoni, madume hasa.

Wako spishi ngapi?

Wengi kuliko waliopewa majina. Ichneumonidae nzima ina spishi zaidi ya 25,000 zilizoandikwa, na Orthocentrinae ni kati ya makundi yaliyopuuzwa zaidi kwa sababu ni wadogo, wanafanana, na wataalamu wao ni wachache.

Kuna kisa kizuri hapa. Mwaka 1974 Denis na Jennifer Owen waliandika kuhusu nyigu waliowanasa kwenye bustani za Leicester kule Uingereza, Freetown kule Sierra Leone na Kampala kule Uganda, wakitumia mitego ya hema la wavu, ule mtego aliobuni Msweden René Malaise miaka ya 1930. Watu walitegemea nchi za joto ziwe na spishi nyingi kuliko Uingereza kama ilivyo kwa vipepeo na ndege. Haikuwa hivyo. Bustani ile moja ya mjini Leicester ilitoa spishi 533 za Ichneumonidae, na 4 kati yake sayansi ilikuwa haijawahi kuziona, kwenye bustani ya mtu, mjini! Basi ikazoeleka kusemwa kwamba hii familia ni ya nchi za baridi. Miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, wakaenda kuchambua Orthocentrinae walionaswa kwenye misitu ya Amerika ya Kati na Amazon, wakakuta rundo la spishi zisizo na majina, Orthocentrus wakiwemo. Kwa maoni yangu ile hoja ya zamani ilikuwa inapima zaidi wataalamu wako wapi kuliko nyigu wako wapi.

Na dume ana kazi gani?

Kumpanda jike, basi. Ila kuna hili: kwa nyigu, yai lililorutubishwa linatoa jike, lisilorutubishwa linatoa dume. Jike ambaye hajapandwa bado anaweza kutaga, ila atapata madume tupu.

Wakubwa wanakula nini? Wanakula vijinzi wanaoruka?

Hapana, nyigu mzima anakunywa. Maji, nekta, ule utelezi mtamu wanaoutoa vidukari. Ukiona mdudu anamkamata kijinzi hewani na kumla, huyo ni mwingine, kuna nzi mwindaji anaitwa Coenosia attenuata anayefanya hivyo kwenye nyumba za vioo.

Naweza kuagiza Orthocentrus nikawamwaga kwenye vyungu?

Hawauzwi. Na sababu inaeleweka, kumfuga unahitaji kwanza kufuga vijinzi wazima kwa wingi, halafu usubiri mizunguko ya wiki kadhaa, halafu usafirishe mdudu mzima wa milimita 3 anayeishi muda mfupi. Vinavyouzwa kwa ajili ya vijinzi ni vitu vingine: minyoo midogo isiyoonekana ya aina ya Steinernema feltiae, utitiri wa udongo anayeitwa Stratiolaelaps, mbawakawa mdogo Dalotia, na bakteria Bacillus thuringiensis ile aina ya israelensis. Orthocentrus na Synacra wanakuja wenyewe, kupitia dirishani au ndani ya udongo wenye mabuu yaliyokwisha kutagiwa. Huwezi kuwaita, unaweza tu kuacha kuwafukuza.

Basi nikae tu niwasubiri wamalize vijinzi?

Hapo ndo nawakatisha watu tamaa. Usikae. Nyigu anapunguza, hamalizi, na akimaliza na yeye kaisha, hayo ndo maisha ya anayemtegemea mwenyeji. Kama miche yako inaanguka leo usisubiri nyigu atage, mtoto akue, atoke, apande, atage tena.

Kinacholeta vijinzi ni maji. Chungu kinachomwagiliwa kabla hakijakauka, udongo wenye mbolea ambayo haijaiva, sahani ya chini imejaa maji wiki nzima. Acha sentimita mbili tatu za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena, mayai na mabuu wadogo wanakauka nazo. Ukitaka kujua una mabuu wangapi kata kipande cha kiazi mviringo kibichi, kilaze juu ya udongo, kesho yake au keshokutwa kifunue uhesabu vichwa vyeusi. Mimi hiki kipimo nakiamini kuliko kuhesabu wanaoruka, kwa sababu wanaoruka wanaweza kuwa wametoka chungu cha jirani.

Nikitumia ile bakteria au minyoo nitaua nyigu pia?

Bakteria ya israelensis inafanya kazi tumboni mwa mabuu ya nzi na mbu yanayoila, nyigu mzima haimgusi. Ila ukimuua buu ambaye ndani ana mtoto wa nyigu, wote wawili wamekwenda. Minyoo ni hivyo hivyo, inaingia ndani ya buu, inaachia bakteria wake, buu anakufa ndani ya siku moja au mbili, haimuulizi kama ana mgeni. Sio sababu ya kuacha kutumia. Kwenye shambulio kubwa tumia, halafu ukishapunguza waachie nyigu mabaki.

Nilishapiga dawa ya kunyunyiza juu. Nimeharibu?

Umeharibu kidogo. Dawa ya kunyunyiza inampata anayeruka na anayetembea juu, na nyigu ndo anatembea juu ya udongo siku nzima. Mayai na mabuu wa kijinzi wako chini wamefunikwa. Wiki moja baadaye vijinzi wapya wanatoka, kila jike na mayai yake 100 na zaidi, nyigu hakuna. Ndo maana mtu anapiga dawa mara nne na bado analalamika wamezidi. Ukiacha dawa nyigu wanaweza kurudi, ila wanarudi nyuma ya vijinzi siku zote, kwa sababu hawawezi kuzaana kabla chakula hakijawepo.

Zile karatasi za njano zenye gundi?

Zinanasa vijinzi, na zinanasa nyigu pia, hazibagui. Weka moja au mbili za kupimia hali. Mimi kila nikibadilisha karatasi naipitia kwa lensi, nikiona nyigu wanaanza kuongezeka kwenye gundi natoa karatasi kabisa.

Nalima uyoga, watanisaidia?

Kidogo, sio kwa kiwango unachotaka. Kwenye uyoga adui mkubwa ni Lycoriella ingenua, naye ni Sciaridae, mabuu wake wanakula nyuzi za uyoga kwenye mboji na kutoboa mashina. Lakini mboji ya uyoga inapashwa moto kabla ya kupandwa, chumba kimefungwa, na zao linatoka na kubadilishwa haraka, nyigu hapati muda wa kujenga ukoo. Kule chujio za milango na usafi zinafanya kazi kubwa kuliko mdudu yeyote.

Wakimaliza vijinzi hawatahamia nyuki wangu?

Hapana. Mwili mzima wa huyu nyigu, kuanzia mrija mpaka jinsi mtoto anavyokwepa kinga ya mwenyeji, umeshonwa kwa ajili ya mabuu wa vijinzi. Wakikosa vijinzi wanaondoka au wanakufa.

Na vijinzi wenyewe, wana faida yoyote?

Msituni, ndiyo. Wanakula kuvu na majani yaliyooza na kuyarudisha kuwa udongo, wanaliwa na ndege, popo na buibui, na kuna maua wanayoyachavusha. Orthocentrus unayemkuta kwenye msitu wenye kivuli na magogo yenye uyoga hayuko kwenye vita vya mtu yeyote, yupo kwake. Uadui ni wa chungu chako tu.

Ni kweli Darwin aliwachukia?

Hakuwachukia, walimkosesha raha. Tarehe 22 Mei 1860 alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye uwezo wote angewaumba makusudi Ichneumonidae wa kula viwavi kutoka ndani wakiwa hai. Alikuwa anawaongelea wa viwavi, sio wa vijinzi, ila mchezo ni ule ule. Mwaka 2019 wataalamu wakapendekeza familia nzima iitwe nyigu wa Darwin. Mtu anakulaumu kwenye barua, ukoo wako unapewa jina lake.

Nimemkamata mmoja. Nimhifadhije ili mtu anayejua amwangalie?

Usimbandike kwenye selotepu, tafadhali, nimeletewa hivyo mara nyingi na kinachobaki ni mguu na nusu bawa. Mshike kwa brashi ndogo iliyolowa spiriti, mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70 au zaidi, ukitaka apimwe vinasaba iwe 95. Karatasi ya maelezo iandike kwa penseli, maana wino wa kalamu unayeyuka, na iweke ndani ya kichupa sio kubandika nje: tarehe, mahali, alikuwa kwenye nini, na kama alitoka kwenye chupa ya kufugia andika alitoka pamoja na vijinzi gani. Ukiweza wahifadhi na hao vijinzi kwenye kichupa cha pili chenye namba ile ile, na yale maganda ya bundo tupu yaliyobaki kwenye udongo pia, usiyatupe.